MTOTO ASIYEITIKA NA MTOTO ASIYETULIA

 Natumaini ubao umefutwa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Leo hatutafanya hesabu, wala hatutasoma habari za kilimo. Tutazungumza juu ya watoto wa namna mbili. Kila mmoja wetu amewahi kuwaona, ila hatupatani juu ya jina la kuwaita.

Wa kwanza ni mtoto asiyeitika. Ukimwita kwa jina lake hageuki. Si kiziwi, maana sufuria ikianguka jikoni yeye ndiye wa kwanza kuziba masikio na kulia. Hasemi, au akisema hurudia maneno yale yale aliyoyasikia kwako. Hachezi na wenzake. Hupanga vizibo vya soda kwa mstari tangu asubuhi mpaka jua la utosi, na ukiondoa kizibo kimoja hulia kana kwamba umemchoma moto.

Wa pili ni mtoto asiyetulia. Huyu husema sana, tena huanza kujibu kabla swali halijaisha. Ukimtuma chumvi dukani hurudi na kiberiti, au harudi kabisa kwa sababu njiani ameona kundi la nyani akalifuata. Darasani haketi. Kalamu aliyonunuliwa Jumatatu, Jumanne haipo, wala hajui ilikokwenda.

Andikeni neno hili: u-so-nji. Usonji. Hilo ndilo neno ambalo madaktari na walimu wa Tanzania hutumia kwa hali ya mtoto yule wa kwanza. Hali ya mtoto wa pili bado haina jina moja la Kiswahili lililozoeleka. Madaktari huiita kwa herufi nne: A, D, H, D. Sisi katika somo hili tutaiita hali ya kutotulia.

(Kituo kifupi. Wanafunzi waandike.)

Sasa twende barazani tukasikilize. Juu ya mtoto asiyeitika, mmoja atasema amechezewa na jirani mwenye wivu. Mwingine atasema ni mashetani ya ukoo. Mwingine atanong'ona kwamba baba yake aliitoa akili ya mtoto kwa mganga ili apate mali, na tazameni jinsi ng'ombe wake walivyozidi siku hizi. Na wengi, wanawake kwa wanaume, watamgeukia mama: alikula nini alipokuwa mjamzito? Alivunja mwiko gani? Alimkosea nani? Juu ya mtoto asiyetulia maneno ni machache zaidi. Mtukutu. Mjeuri. Amedekezwa na bibi yake. Dawa yake fimbo.

Siyataji haya ili tuwacheke wazee wetu. Mtu aliyepatwa na jambo kubwa hutaka kujua kwa nini limempata yeye na si jirani yake. Kwa hiyo baraza huuliza: Nani amefanya hivi, na kwa nini sisi? Mtaalamu huuliza maswali mengine kabisa: Tangu lini? Wapi? Mara ngapi? Maswali hayo hayakutani. Mama aliyekwenda kuuliza "nani" akaulizwa "lini" hurudi nyumbani akiona hakujibiwa kitu. Kesho yake atakwenda kwa mtu atakayemjibu, hata kama jibu lenyewe ni la uongo na bei yake ni mbuzi wawili.

Yafaa basi tujue mtaalamu hufanya nini hasa. Wengi hudhani kwamba hospitalini iko mashine inayopima usonji, kama hadubini inavyoonyesha vijidudu vya malaria katika damu. Mashine hiyo haipo. Hakuna kipimo cha damu cha usonji, wala cha hali ya kutotulia. Mtaalamu humtazama mtoto na kuwauliza wanaomlea. Katika usonji hutafuta mambo ya namna mbili. Kwanza, je, mtoto ana shida ya kuelewana na watu, kwa maneno au kwa ishara? Pili, je, hushikilia vitendo au desturi zile zile bila kutaka zibadilike, au huudhika mno kwa sauti, mwanga au mguso? Mambo hayo huanza utotoni, ingawa pengine hugunduliwa baadaye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 alikuwa na usonji. Fanyeni hesabu: katika kijiji chenye watoto 600, hao ni karibu watoto watano.

Katika hali ya kutotulia, mtaalamu hutaka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, tena zionekane mahali pawili au zaidi, kama nyumbani na shuleni. Kwa nini mahali pawili? Kwa sababu mtoto anayehangaika shuleni tu, huenda tatizo ni shule. Labda hajala tangu jana. Labda haoni ubaoni. Labda watoto ni wengi mno na mwalimu ni mmoja. Na mtoto aliyetulia shuleni lakini nyumbani hashikiki, hapo hapana budi kuitazama nyumba yenyewe. Naipenda sana kanuni hii. Inamzuia mtu mmoja, awe mwalimu au baba mwenye hasira, asimpe mtoto jina peke yake.

Mnaona basi kwamba mtaalamu hana macho ya ajabu. Tuseme daktari ameona watoto 500, kila mmoja kwa nusu saa. Mama ameona mtoto mmoja, lakini usiku na mchana kwa miaka sita. Daktari anajua kulinganisha. Mama anajua habari. Mmoja bila mwenzake hukosea, na wataalamu nao wamekosea sana, tena kwa muda mrefu.

Chukueni mfano wa macho. Katika vitabu vya Ulaya na Marekani imeandikwa kwamba mtoto mwenye usonji hamtazami mtu machoni. Sisi je? Mtoto aliyelelewa vizuri, akizungumza na mkubwa, huinamisha macho. Hiyo ni heshima. Mtaalamu aliyesoma kitabu tu, asiyejua desturi yetu, anaweza kumwandika mtoto mwenye adabu kuwa mgonjwa. Kwa upande mwingine, sisi huwaona wasio na adabu watoto ambao hawana kosa. Mtoto mwenye usonji hasemi shikamoo. Amefundishwa mara mia na bado hasemi, au huisema kwa mbuzi na kwa ukuta. Mgeni hukasirika, baba huona aibu, na mtoto hupigwa mbele ya watu kwa neno ambalo hajui kazi yake.

Au chukueni mfano wa hesabu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Victor Lotter alitembelea miji kadhaa ya Afrika, Kenya ikiwamo, akiwatafuta watoto wenye usonji. Taarifa yake ilitoka mwaka 1978. Aliwaona wachache tu. Lakini alitafuta katika vituo na shule zilizowatunza watoto wenye ulemavu wa akili. Watoto waliofichwa chumba cha nyuma asingeweza kuwaona, wala wale waliokuwa wakichunga mbuzi bila kusema neno. Wako watu waliodhani kwamba usonji ni ugonjwa wa Wazungu, na mpaka leo mnaweza kuyasikia maneno hayo.

Kosa kubwa kuliko yote ni hili nitakalolisimulia sasa. Akina mama, sikilizeni vizuri.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna ya mtoto wetu asiyeitika. Aliwaeleza vizuri sana. Lakini aliwatazama pia wazazi wao, akaona kwamba wengi ni watu wa vitabu, wasioonyesha upendo waziwazi. Wataalamu wengine wakaishika habari hiyo wakaikuza. Wakasema mtoto amejifungia ndani ya nafsi yake kwa sababu mama yake ana moyo wa baridi. Bruno Bettelheim wa Chicago aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1967, na watu wakamwamini. Kwa hiyo mama wa Chicago, mwenye gari na friji, alishtakiwa kosa lile lile analoshtakiwa mama wa kijijini kwetu, na aliyemshtaki ni msomi mwenye koti jeupe.

Waliolivunja jambo hili walikuwa wazazi. Huko London mwaka 1962 wazazi waliunda chama chao. Huko Marekani Bernard Rimland, aliyekuwa msomi na pia baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu mwaka 1964 akionyesha kwamba shina la jambo hili limo katika mwili, si katika moyo wa mama. Mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawaambia kwamba hawana hatia. Kisha mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walitoa uchunguzi wao wa jozi 21 za mapacha huko Uingereza. Katika mapacha wa kufanana kabisa, jozi 4 kati ya 11 walikuwa na usonji wote wawili. Katika mapacha wasiofanana, jozi 10, hapakuwa na hata jozi moja ya namna hiyo. Wote walilelewa na mama mmoja katika nyumba moja. Kama kosa lingekuwa la malezi, tofauti hiyo ingetoka wapi? Tangu hapo ilianza kueleweka kwamba sehemu kubwa ya usonji ni urithi wa mwili, kama kimo na rangi ya macho.

Hata juu ya mtoto asiyetulia, wasomi walianza kwa maneno ya barazani. Mwaka 1902 daktari George Still wa London aliwaeleza madaktari wenzake juu ya watoto wa namna hii, akasema wana upungufu katika uwezo wa kujizuia kutenda mabaya. Ni "mtukutu" yule yule, aliyevikwa Kiingereza cha hospitali.

(Kituo kifupi. Mwalimu asimamishe kipokezi kwa dakika tano. Wanafunzi wasimuliane maneno waliyoyasikia juu ya watoto hawa.)

Tuendelee. Sasa tunafika kwetu Tanzania, katika jambo linalotuhusu sana sisi wa Katavi wenye mbu wengi na mto Katuma mlangoni.

Mwaka 2006 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa hapa Tanzania. Miongoni mwa walioandika alikuwamo Susan Folstein yule yule wa mapacha, pamoja na wataalamu Watanzania. Walichunguza watoto 20, na 14 kati yao walikuwa na usonji kwa vipimo vyao. Katika hao 14, watoto watatu walikuwa wamekua vizuri kabisa kwa miezi 22, miezi 35 na miezi 42. Kisha wakashikwa na malaria kali, homa ya muda mrefu na degedege. Waliponyoka na mauti, lakini walipopona usonji ulianza. Wengine wanne walikuwa na habari inayofanana na hiyo, ila wachunguzi hawakuwa na hakika, kwa kuwa hapa kwetu malaria ni nyingi na mzazi anaweza kuziunganisha homa na hali ya mtoto bila ya kuwa na uhusiano. Saba waliobaki hawakuwa na habari ya namna hiyo.

Fikirini habari hii. Ni mama wangapi wamesema, "Mwanangu alikuwa mzima, akaita mama, akaita baba, ikaja degedege, akapotea"? Waliposema hivyo, baraza lilijibu shetani. Na msomi aliyejua habari za urithi peke yake angeweza kujibu, "Mama, umesahau, alikuwa hivyo tangu kuzaliwa." Mama wale watatu hawakusahau. Waliyaona mambo sawasawa, na tarehe zao ndizo zilizowafundisha wataalamu.

Lakini degedege yaweza kuletwa na malaria iliyofika kwenye ubongo, na hapa imani yetu ya zamani inaua. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwauliza watu wa wilaya ya Bagamoyo juu ya degedege. Wengi waliitenga na malaria. Walisema huletwa na shetani. Walimtibu mtoto kwa kumkojolea, au kumfukiza kwa moshi wa mavi ya tembo, na walisema mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Sisi tulio karibu na hifadhi hatukosi mavi ya tembo. Lakini kila saa moja ya moshi ni saa moja ambayo malaria inaendelea kuudhuru ubongo. Mtoto mwenye homa anayetetemeka na kugeuza macho apelekwe zahanati saa ile ile, usiku au mchana. Akipona, anaweza kupona mzima. Akicheleweshwa, anaweza kufa, au kuishi na kifafa au ulemavu mwingine. Kwa vyovyote vile hakuna sindano iliyompa degedege.

Na kwa kuwa tumetaja sindano, niseme kwa ufupi juu ya chanjo. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, alidai katika gazeti la madaktari kwamba chanjo ya surua yaweza kuhusiana na usonji. Alitumia watoto 12 tu. Uchunguzi wa watoto wengi mno katika nchi mbalimbali haukuona jambo hilo, na mwaka 2010 gazeti lenyewe liliifuta taarifa yake. Surua bado inaua. Wapelekeni watoto wachanjwe.

Sasa turudi kwa mtoto asiyetulia, maana tumemsahau kidogo, na yeye hapendi kusahauliwa.

Kaskazini mwa Kenya wako wafugaji waitwao Waariaal. Baadhi yao huhamahama na mifugo, na wengine wamekaa mahali pamoja. Mwaka 2008 wataalamu walitoa taarifa juu ya wanaume wa makundi hayo mawili. Walitazama chembe moja ya urithi ambayo imehusishwa na hali ya kutotulia. Kati ya wanaohama, wenye chembe ile walikuwa na miili yenye afya zaidi kuliko wenzao. Kati ya waliokaa, wenye chembe ile walikuwa wamekonda kuliko wenzao. Uchunguzi huu ni wa watu wachache, tena haukupima kutotulia kwenyewe, basi tusiubebeshe mzigo kuliko nguvu zake. Hata hivyo unatufikirisha. Wako kati yenu wafugaji waliokuja huku na ng'ombe wao. Kijana ambaye macho yake hukimbilia kila kinachotikisika nyasini, je, porini ni mjinga? Mweke huyo huyo kwenye dawati kwa saa sita anakili maneno ubaoni, na hapo ndipo jina la mtukutu huzaliwa. Hali yake ni ya kweli, imo mwilini mwake. Lakini ukubwa wa taabu yake hutegemea pia mahali tulipomweka.

Mtaniuliza dawa. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, na yeyote anayekuuzia dawa hiyo, awe na kibuyu au awe na chupa ya duka la mjini, anakula fedha yako. Kinachosaidia ni mafunzo: maneno machache, picha, kazi zile zile kwa saa zile zile, na kumwambia mapema kabla ya kubadilisha jambo. Kwa hali ya kutotulia ziko dawa zinazowasaidia wengi kukaza mawazo, lakini hutolewa na daktari anayemfuatia mtoto, si za kujinunulia. Mwalimu anaweza kufanya mengi bila dawa. Amweke mbele, ampe agizo moja kwa wakati mmoja, amtume kuchota maji katikati ya kipindi. Fimbo haifundishi ubongo kutulia. Humfundisha mtoto kuogopa shule, na baadaye huikimbia. Kamba nayo haifundishi kusema. Najua kwa nini baadhi ya wazazi huwafunga watoto: shambani kuna kazi, mtoni kuna viboko na mamba, na mtoto asiyeitika hasikii ukimwambia rudi. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini zamu ya majirani wawili watatu kumtazama ni bora kuliko kamba. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama wenzake. Walimu wa elimu maalumu wapo, hufundishwa katika chuo cha Patandi, Arusha, ingawa ni wachache kwa nchi kubwa hivi.

Tatizo letu ni umbali. Mtaalamu wa watoto hawa hayupo Sitalike. Mwanzo ni zahanati, kisha hospitali ya mkoa iliyoko Mpanda, na pengine mtu huelekezwa Mbeya, au Muhimbili huko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Mkifika, ombeni kwanza mtoto apimwe masikio, maana kiziwi naye haitiki. Nauli ya safari hiyo ni mauzo ya magunia. Ukifika huko baada ya safari ndefu, utapewa labda nusu saa, na utaulizwa: lini, wapi, mara ngapi. Ukijibu "zamani kidogo", nusu saa imepotea.

Kwa hiyo fungueni ukurasa mpya, na kila mwenye mtoto, awe mzima au la, aandike mistari hii, kila mmoja na nafasi ya tarehe mbele yake:

Alizaliwa lini.
Aliketi lini. Alitembea lini.
Neno lake la kwanza, na lini.
Neno alilolijua kisha akaliacha, na lini.
Homa kali, na lini. Degedege, na mara ngapi.
Akiitwa nyuma yake, hugeuka au hageuki.
Nyumbani yukoje. Shuleni yukoje. Kwa bibi yake yukoje.

Asiyejua mwezi aandike msimu: wakati wa kupanda mahindi, wakati wa kuvuna mpunga. Daktari ataelewa. Asiyeweza bado kuandika maneno marefu amwombe jirani katika kikundi, na yeye aandike jina la mtoto kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu atapita akisahihisha, kisha daftari liende nyumbani, likae mahali pakavu pamoja na kadi ya kliniki.

Wiki ijayo njooni na daftari hilo hilo. Tutasoma kwa sauti mistari ya wale watakaopenda, nasi tutajifunza kuandika barua fupi kwa mganga mfawidhi wa zahanati.

Kwa herini.